Dozi

Simu ya kwanza iliingia saa kumi na mbili na robo,
kabla sijawasha jiko.
Sauti ya msichana, tamu, kama anauza asali ya Sikonge:
"Naongea na Nyanzala Mlekwa?"
Nikasema ndiye. Kosa langu la kwanza.

Ya pili, mwanamume. Ya tatu, mashine.
Ya nne sikupokea,
nikaiacha iteteme juu ya kitenge cha mteja
mpaka ikajisogeza yenyewe, ikatumbukia
kwenye ndoo ya vipande.

Ndipo wakaanza kuwaandikia watu.
Katekista wa Ipuli. Wifi yangu wa Urambo.
Fundi baiskeli niliyewahi kumtumia elfu tatu, mara moja, mwaka juzi.
MFAHAMISHE NYANZALA ALIPE. AMEKUTAJA KUWA MDHAMINI.
Wifi akapiga, anacheka;
chini ya kicheko nilimsikia anahesabu.

Sikatai. Nisikilize vizuri: sikatai.
Mwaka elfu mbili na kumi na tano nilikopa laki nne,
nikanunua cherehani ya miguu, imetumika,
hii hii ninayoikanyaga sasa.
Kila Ijumaa elfu kumi na mbili,
ghorofani, ofisi ile jirani na stendi,
hadi mvua zilipokata reli kule Itigi
na mume wangu, mtu wa genge la matengenezo,
akarudishwa kwa gari, amefunikwa.
Wiki tatu sikwenda. Ya nne nikaenda:
kufuli. Chini ya kufuli, tangazo la magodoro.

Zilibaki elfu themanini na nne.
Ijumaa saba.
Ulimi hausahau pengo la jino.

Leo hawa, wasionipa hata maji,
wamelinunua deni langu huko Dar
kwa fungu, kama mitumba, belo halijafunguliwa,
wanataka laki saba na ushee.

Jumanne alikuja mwenyewe.
Kijana, Shigela jina lake, kitambulisho shingoni,
vumbi la Isevya hadi magotini.
Akakataa kukaa. Akakaa.
Nikamsogezea matobolwa na chai ya rangi,
maana mgeni ni mgeni hata akija na faili.

"Mama, dawa ya deni kulipa."
Ndivyo wasemavyo. Dozi hawakusema anaiandika nani.
Nionyeshe karatasi yenye dole gumba langu.
Nionyeshe aliyekuuzia, na amekuuzia nini.
Nikashusha kopo la maziwa toka juu ya kabati:
risiti thelathini na tatu, wino umegeuka rangi ya ile chai,
nikazipanga mezani, Ijumaa baada ya Ijumaa,
mpaka meza ikaisha, nikaendelea kwenye mkeka.

Alizisoma zote. Midomo inatembea.
Faili lake lilikuwa na ukurasa mmoja.
Jina langu wameliandika Nyanzara.

Halafu simu yake ikalia.
Akaitazama, akaigeuza kifudifudi juu ya goti,
akaifunika kwa kiganja, kama mtu afunikaye kikohozi.
Ikakata. Ikalia tena.
Nikaijua ile namna ya kutopokea.

Sikumuuliza kitu.
Nilisema tu: upindo wa suruali yako umeshikwa kwa pini za karatasi.
Nikampa khanga ajistiri, nikakanyaga cherehani,
mguu wa kulia, mguu wa kushoto,
naye akala matobolwa yote, akitazama mlango.

"Nitakuletea buku lako Jumamosi, mama."
Nikafungua daftari, nikachukua kalamu,
nikaifunga tena kalamu.
Kawaambie themanini na nne ipo.
Aje mwenye nayo, na karatasi yake.

Jumamosi hakutokea.
Jumatatu, saa kumi na mbili na robo, ile sauti ya asali:
"Naongea na Nyanzara?"
Hapana, mwanangu, nikasema.
Hapa hayupo mtu huyo.

Nikawasha jiko.